Mashua ya mfereji kwa pauni moja: uanzie wapi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tunaishi Wolverhampton, Uingereza. Tumepata mashua ya mbao ya mfereji, urefu futi 71, muuzaji anasema ilijengwa 1936 na ilibeba makaa ya mawe. Anataka pauni moja tu, ilimradi tuiondoe kwake. Imewahi kuzama na kuibuliwa. Jirani anasema tuivishe chuma au faibaglasi, mwingine anasema tung'oe mbao zote tuanze upya. Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Kilwa Kivinje, nami ningependa ifanywe kwa ufundi wa asili, kisha tuishi humo. Inawezekana? Tuanzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Inawezekana, nami nimeshiriki kazi hiyo zaidi ya mara moja. Ila nianze na lile lisilongoja: mashua hiyo usiitoe majini.

Najua mtu akinunua chombo kibovu, wazo la kwanza ni kukipandisha gudini, yaani pale vyombo vinapotengenezewa nchi kavu, kikauke ili akione vizuri. Babu yako angekishughulikia hivi: maji yakitoka chombo kinapwelea, mafundi wanapiga kalafati, yaani wanaziba viungo vya mbao, saa mbili tatu, maji yakijaa kinaelea tena na ubao haujapata muda wa kusinyaa. Kwenye mfereji hakuna bamvua wala maji mafu. Ukishapandisha, chombo kinabaki juu mpaka ulipie siku nyingine ya kukishusha, na hapo ndipo watu wanapoua mashua zao.

Mwaka wangu wa kwanza huku niliua moja mwenyewe, au nilikaribia. Niliipandisha mwezi wa sita. Jua la Uingereza sisi watu wa pwani hulicheka, nami nililicheka, nikaiacha wazi wiki tatu nikisubiri mbao. Viungo vikafunguka hadi unaweza kutumbukiza sarafu ya senti kumi ikapita. Tulipoishua jioni, pampu mbili zilifanya kazi usiku kucha, na alfajiri mashua ilikuwa imeketi chini, paa la kibanda tu ndilo linaonekana. Mzee mmoja aliyezaliwa ndani ya mashua kama hizo alikuja na gunia la vumbi la mbao na majivu, akalimwaga majini pembeni mwa ubavu. Maji yanayoingia hulivuta lile vumbi kwenye nyufa, likavimba na kuziba. Siku ya pili tukaikumba maji, ikaelea. Mzee hakusema neno, aliniangalia tu, nami nikajua maana yake.

Kwa hiyo, kama ni lazima ipande gudini, iwe na mbao zilizokwisha kukatwa zikiwa pembeni, iwe na paa juu yake, na kila asubuhi na jioni umwagie maji ndani na nje, au ufunike mbavu kwa magunia yaliyolowa.

Sasa tuiangalie mashua yenyewe, kwa sababu ukijua iliundwaje utajua pia ina ugonjwa gani. Mbavu ni mbao ndefu za mwaloni, unene wa inchi moja na nusu hadi mbili. Chini hakuna mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, kama wa jahazi. Sakafu ni bapa, mbao nene za mti uitwao elmi zimepangwa kwa kukingama, kutoka ubavu hadi ubavu, kisha gogo moja refu limelazwa juu yake ndani kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) kuzishikilia. Elmi ina tabia moja ya ajabu: ikikaa majini daima haiozi. Zamani hata mabomba ya maji ya jiji la London yalikuwa magogo ya elmi yaliyotobolewa katikati. Lakini ilowe ikauke, ilowe ikauke, itakuwa kama mkate. Ndiyo maana mashua iliyozama chini ya tope huwa mara nyingine na sakafu nzima kabisa, huku mbavu zake za juu, zilizokuwa nusu majini nusu hewani, zinachoteka kwa kijiko. Muuzaji akikuambia "ilizama" kwa sauti ya kuomba radhi, wewe muulize ilizama kwa muda gani na lini iliibuliwa. Mwaka wa kuibuliwa ndio unaonitisha mimi.

Taabu ya elmi ni kuipata. Ugonjwa wa ukungu unaoenezwa na mbawakawa uliiangamiza miti hiyo Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mamilioni kwa mamilioni, na leo ubao mpana wa elmi wa inchi tatu ni wa kuagiza na kusubiri. Kwa hiyo kila ubao wa sakafu unaoweza kuokoka, uokoe.

Nenda na vitu vitatu: nyundo ndogo, msumari mrefu uliochongwa ncha, na futi kamba. Gonga mbao kuanzia omo. Mbao nzima hulia kama mlango wa msaji, iliyooza hulia kama kugonga papai. Pale penye mlio wa papai dunga msumari, uandike umeingia kina gani. Dunga zaidi kwenye mstari wa maji, chini ya kibanda, na pale mbavu zinapokutana na sakafu. Halafu nyosha futi kamba upime upana, mahali patatu: mbele, katikati, nyuma. Nitakueleza kwa nini.

Mifereji ya eneo lako ilipimwa na mtu mmoja, kwa namna ya kusema. James Brindley, fundi wa vinu vya maji ambaye shule hakuisoma sana, ndiye aliyechora ile mikubwa ya katikati ya nchi katika miaka ya 1760, na alipoamua ukubwa wa loki, yaani vile vyumba vya milango vinavyopandisha na kushusha mashua, aliamua pia umbo la kila mashua itakayopita humo: futi 70 na kitu kwa urefu, futi 7 tu kwa upana. Hapo Wolverhampton unazo loki 21 zilizofuatana. Mashua ya mbao ikizeeka hutanuka kiunoni kama sisi wazee. Minyororo inayofunga ubavu na ubavu ikilegea au ikikatwa na mtu anayetaka nafasi ya kuweka sofa, mbavu husukumwa nje, na siku utakayoingia lokini utakwama kama kizibo. Ikizidi futi 7 na inchi moja, usitoe pauni yako kabla ya kuuliza gharama ya kuivuta mbavu zirudi.

Pia simama mbali, pembeni, utazame mstari wa juu. Kama omo na tezi zimeinama na katikati pamepanda, mgongo umevunjika. Si kifo, ila kazi itaongezeka sana.

Kabla ya msumeno kuna kazi ya daftari, na hapa ndipo wengi hukosa subira. Sheria za mashua za mifereji za mwaka 1877 na 1884 zilitaka kila mashua inayolaliwa na watu iandikishwe na mamlaka ya mji, ikaguliwe afya, na namba yake ipakwe ubavuni mwa kibanda. Wenye mifereji nao waliipima kila mashua kwa fimbo ili kujua inazama inchi ngapi kwa kila tani, wapate kutoza ushuru. Daftari nyingi za aina hizo zimehifadhiwa Ellesmere Port, kwenye jumba la makumbusho ya mifereji. Ukipata namba unaweza kupata jina, mjenzi, mwaka na mizigo. Namba yenyewe huenda iko pale pale, chini ya rangi sita. Chukua msasa laini na maji, usugue duara dogo kama kisahani cha chai, taratibu, na rangi zitajitokeza kama pete za mti: kijani ya jana, bluu ya mwenye kampuni, nyeupe, halafu ukingo wa herufi. Ukiona herufi, acha kusugua. Piga picha.

Mwaka 1936 una maana. Miaka hiyo kampuni ya uchukuzi ya Grand Union ilikuwa ikiagiza mashua kwa mamia, za chuma kutoka Woolwich na Northwich, za mbao kutoka gudi la Walker huko Rickmansworth. Zilisafiri mbili mbili: moja ya injini, na moja ya kukokotwa ambayo wenyewe huiita butty, pamoja zikibeba kama tani 50. Itazame tezi yake. Kama ni ya mviringo na chini kuna nafasi ya rafadha, ni ya injini. Kama imechongoka kama omo na ina usukani mkubwa wa mbao wenye kana ya kuchomoa, una butty, na mimi ningefurahi zaidi, kwa sababu butty nyingi za mbao zimekufa.

Zimekufa vipi? Mifereji ilichukuliwa na serikali 1948, malori yakachukua mzigo, halafu ukaja ule msimu wa baridi wa 1962 na 1963, mashua zikagandishwa barafuni kwa miezi, na wateja waliokuwa wamebaki wakaondoka. Kabla na baada ya hapo mashua zilizoonekana za ziada zilipelekwa kwenye mashimo ya kokoto huko Harefield zikazamishwa makusudi.

Majirani wako. Wa chuma na faibaglasi simlaumu, anataka uishi mahali pakavu. Lakini ubao ni kitu kinachopumua: hunywa maji, huvimba, husinyaa. Faibaglasi haifuati mwendo huo, inabanduka, na maji yanayoingia nyuma yake hayatoki tena. Chuma nacho kinafunga unyevu kati yake na mwaloni, na mwaloni una asidi inayokula chuma. Baada ya miaka kumi una jeneza zuri lenye uji ndani. Mbele, kwenye omo, utakuta mabati membamba yamepigiliwa. Hayo ni ya asili, ya kukatia barafu, usiyachanganye na hayo ya jirani.

Wa kung'oa mbao zote tuanze upya namkubali nusu tu. Ukweli ni kwamba mbao nyingi zitabadilishwa. Raymond, mashua ya mwisho ya mbao ya kukokotwa iliyojengwa kwa kazi ya mizigo, ilishuliwa Braunston mwaka 1958, na ukiitazama leo sehemu kubwa ni mbao mpya, wala hakuna anayesema si Raymond. Hata nyumbani jahazi likibadilishwa ubao mmoja kila msimu kwa miaka thelathini jina halibadiliki. Lakini ukizing'oa zote kwa mpigo unapoteza umbo, na umbo halimo kwenye karatasi, limo mwilini mwa mashua yenyewe. Utoe ubao mmoja, uutumie kama kipimo, utie mpya, ndipo ugeukie wa pili, na uwe umeitegemeza mashua kwa magogo kila futi chache. Mataruma ya chuma yaliyopinda pembe, ambayo hushika ubavu na sakafu, mengi yatakuwa yanafaa ukiyakwangua kutu. Yasiyofaa yapeleke kwa mhunzi, akupindie mengine kwa moto.

Na hapo uko mahali pazuri kuliko wewe mwenyewe unavyojua. Kusini yako kidogo kuna Netherton na Cradley Heath, kulikofuliwa minyororo na nanga za dunia nzima. Nanga kubwa ya Titanic ilitoka Netherton mwaka 1911. Wahunzi wamepungua lakini hawajaisha, na kwenye makumbusho ya Black Country huko Dudley kuna gudi la mashua na viwanda vya minyororo na misumari unavyoweza kuvitazama kwa macho. Nenda ukiwa umebeba msumari wako mmoja wa zamani, ule wa pembe nne, ukaulizie nani bado anaufua. Msumari wa mviringo wa dukani unateleza kwenye mwaloni. Wa pembe nne unashika.

Ubao wa omo ndio mtihani. Umepinda, umejisokota, na ni wa mwaloni mbichi wa inchi mbili. Unaingizwa kwenye sanduku refu la mvuke, kanuni ni saa moja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo saa mbili. Wakati huo kila mtu anajua mahali pake: wawili na glavu nene mlangoni, mmoja na vibanio, mmoja na nyundo. Sanduku likifunguliwa una dakika chache. Ubao unatoka ukifuka moshi, una harufu kama ya siki na chai kali, nao umelegea kama mkia wa samaki taa. Unabanwa omo kwanza, kisha unasukumwa ubavuni hatua kwa hatua, kibanio baada ya kibanio, bila kupiga kelele. Ukisikia mlio kama wa kuni mbichi, simama. Ukishapoa umekuwa mbao tena na hausikii la mtu.

Wazee walipaka mbao kitu walichokiita chalico: lami, manyoya ya ng'ombe na kinyesi cha farasi, vimechemshwa pamoja, vikapakwa vya moto. Harufu yake usinifanye niielezee. Kazi yake ni ile ya deheni yetu ya shahamu na chokaa. Na manyoya hushikilia lami isipasuke. Farasi wapo, ng'ombe wapo, na lami ya pine inauzwa. Mimi bado ninaipika, jirani zangu wanalalamika.

Kalafati utaielewa bila mwalimu, imo damuni. Hata neno hili limesafiri: Mreno husema calafate, Mwitaliano calafato, Mwarabu naye analo lake, na sisi tulilipokea na vyombo. Hapa hawatumii pamba na mafuta kama Kilwa, hutumia nyuzi za kamba kuukuu zilizotiwa lami, zinasokotwa kwenye paja, zinasukumwa kiungoni kwa chembeu na nyundo ya mbao, kisha lami ya moto juu. Sikiliza mlio. Mwanzo ni butu, unapojaa unakuwa mkali, na ukishalia hivyo acha, ukizidisha unafungua kiungo cha jirani. Acha pia nafasi ya kuvimba: mashua ikirudi majini itavuja siku moja mbili, hiyo ni kawaida, pampu iwe karibu na usilale.

Kama ni ya injini na injini yenyewe ipo, nitumie picha peke yake. Bolinder za Uswidi, za silinda moja, huwashwa kwa kupasha kichwa chake kwa taa ya moto mpaka kiive; Russell Newbery za silinda mbili zilitumika sana kwenye mashua za Grand Union. Usimruhusu mtu akubadilishie na ya gari.

Kuhusu mawaridi na ngome zinazopakwa kwenye milango, ndoo na vikombe vya maji, nimeona umeniuliza kwa mkato kwenye barua ya pili. Ni nzuri, zina ukoo wake na kila gudi lilikuwa na mkono wake. Mtu wa Braunston hupaka waridi tofauti na mtu mwingine. Lakini nimeona watu wameanza na mawaridi huku ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, imejaa maji. Yafanye ya mwisho.

Kuishi humo ni jambo jingine. Kibanda cha nyuma kina urefu kama futi kumi, humo familia nzima ililala, jiko la makaa upande mmoja, kitanda kinachokunjuka kabatini upande wa pili. Ukikitunza kama kilivyokuwa, nafasi ya kuishi itabidi iwe chini ya turubai kwenye sehemu ya mzigo, kwa kuta za mbao zinazoweza kuondolewa bila kupigilia kitu mbavuni. Utahitaji leseni ya shirika linalosimamia mifereji, Canal & River Trust, bima, na cheti cha usalama kinachodumu miaka minne; na usipokuwa na maegesho ya kudumu utatakiwa kusogea, kwa kawaida kila siku 14. Kampuni za bima zinaogopa mbao, anza kuziuliza mapema. Ikiwa mashua ni yenyewe kweli, iandikishe kwenye rejista ya taifa ya vyombo vya kihistoria: iwe na zaidi ya miaka 50 na zaidi ya futi 33, na mengi ya asili yawe yamebaki. Rejista hiyo haikuzuii wala haimzuii mwingine kuivunja, si kama nyumba za zamani zinazolindwa na sheria, lakini inafungua milango ya ushauri.

Pauni moja ni bei ya kumpunguzia muuzaji mzigo, na wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mbao za mwaloni peke yake zitakugharimu maelfu, na kazi ya watu wawili wa mwisho wa wiki ni miaka, si miezi. Hilo mume wako alisikie kutoka kwangu, si kutoka kwako.

Basi Jumamosi nendeni na nyundo, msumari na futi kamba. Nitumie upana wa mahali patatu, orodha ya milio ya papai, na picha ya sakafu kwa ndani ukiwa umekumba maji. Na umwambie muuzaji asiitie pampu ikakauka kabla hamjafika.